Tui la Kwanza, Tui la Pili

Tuktuk ya kutoka Ukunda iliniweka katikati ya wake wawili wa mume mmoja, na ndoo zao mbili za rangi ya ukuta ziko miguuni mwetu. Dukani kila mmoja alikuwa amepakwa tone la rangi yake mgongoni mwa mkono, na sasa mikono yote miwili ilikuwa mbele ya pua yangu.

"Mwangalie mume wetu Boga na uadilifu wake," alisema Bi Mwanapili, mke mkubwa. "Chumba chako kipakwe rangi ya tui la kwanza, changu ya tui la pili! Na niliyeolewa kwanza ni mimi."

"Dada, hiyo yako ndiyo nzito," alijibu Twaiba, mke mdogo. "Yangu imechujwa mpaka imebaki maji."

Mimi niliona nyeupe iliyochoka na nyeupe nyingine iliyochoka.

"Basi tubadilishane," alisema Bi Mwanapili.

Twaiba aliurudisha mkono wake upesi. "Mbona waitaka yangu?"

"Siitaki! Nilikuwa nakupima."

Tulisimama Mwabungo. Dereva alizishusha ndoo, akaziweka kando ya barabara bila kujali ipi ya nani. Wakafungua vifuniko, wakachungulia, wakalinganisha na mikono yao, wakachungulia tena. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Ukunda, wakakubaliana jambo: walinigeukia mimi.

"Mama, wewe uliyekuwa ukisikiliza," alisema Twaiba kwa adabu zote, "yangu ni ipi?"