Majibu ya Ubaoni

Treni ya jioni ilikuwa imetoka Kahawa, mvua ikilowesha madirisha. Mkabala nami, mzee mmoja alikuwa akimsimulia msichana wa chuo, asiyemjua, jinsi alivyofundisha kemia hadi akastaafu. Nadhani alingoja shukrani.

“Mwalimu wetu alikuwa anaandika majibu kwa ubao kabla hata tuguse chupa,” msichana akasema. “Sisi ni kukopi tu. Sasa kwa maabara ya chuo naona rangi imegeuka, lakini siwezi kuandika mpaka mtu aniambie imegeuka. Ubongo wangu umezoea kungoja.”

“Na kwa mtihani ulipata nini?” mzee akauliza.

“A.”

“Sasa shida iko wapi? Wanafunzi sabini, na vifaa vya watu watano. Ningefanya nini, mami?”

Hakuna aliyekuwa amemtaja yeye.

“Ungetuacha tukosee.”

Mzee akageuka kutazama mvua.

Treni iliposimama, kibao cha kituo kilikuwa mbele ya dirisha letu, kimeandikwa kwa herufi kubwa. Msichana akakisoma, niliona midomo yake ikitamka. Kisha akamgeukia mzee.

“Mwalimu, hii ni Ruiru?”

“Ndiyo, ni Ruiru,” akamjibu haraka, kama alivyozoea.