Edelmira Alquinta Pastén, Aliyekichangishia Kijiji Darubini

Marehemu Edelmira Alquinta Pastén alizaliwa tarehe 9 Machi 1944 hapa San Lisandro, bonde la Elqui, kaskazini mwa Chile, mtoto wa tatu wa mfuga mbuzi Fidelicio Alquinta na mkewe Zunilda.

Baada ya shule ya msingi alijifunza kutengeneza nywele mjini La Serena, akarudi kufungua saluni. Mwaka 1968 alifunga ndoa na baba yetu, Nolberto Rivadeneira, wakajaliwa watoto wawili.

Baba alikuwa mpishi katika kituo kimoja cha wataalamu wa nyota huko mlimani. Alifariki mwaka 1993 bila kuwahi kuchungulia kwenye darubini hata mara moja. Baada ya mazishi mama alisema, “Kijiji hiki kitakuwa na darubini yake.” Akaanza kuchangisha kwa bingo, kwa kuuza empanada, sambusa za kwetu, kila Jumapili, na kwa kila kichwa alichokikata nywele.

Don Belarmino, mwenye mashamba ya zabibu, alimtania: “Doña, nyota ni za bure. Toka nje, inua shingo.”

“Shingo yako nimeinyoa miaka kumi, don Belarmino. Toa mchango.”

Akatoa.

Mwaka 1997 kioo kikubwa cha darubini kilikuwa kimeshafika, tetemeko la ardhi likakivunja pamoja na nusu ya nyumba zetu. Don Belarmino alimwambia, “Sasa nyota naziona nikiwa kitandani.” Mama alicheka, kisha akaita mkutano. Kwa ridhaa ya wachangiaji wote, fedha zilizobaki zikanunua mabati. Nyumba ya mwisho ilipoezekwa, alianza upya bila peso hata moja.

Darubini ilifunguliwa tarehe 20 Machi 2004, kwenye kilima alichokitoa don Belarmino. Mama alikataa kutangulia. Aliwaita kwanza wapishi, wafagiaji na madereva wa vituo vya mlimani. Yeye alitazama wa mwisho, akaiona sayari ya Zohali. Tuliokuwa karibu tulimsikia akisema polepole, “Nolberto, kumbe ni kweli ina pete.”

Tangu mwaka 2019 alisumbuliwa na moyo. Alifariki nyumbani kwake tarehe 2 Juni 2021, mikononi mwetu.

Ameacha watoto wawili, Rosalba na mimi Eleuterio, wajukuu watano, na kijiji ambacho watoto wake wote wameiona Zohali.

Mama, pumzika kwa amani. Kazi umeimaliza.