Dada Kufuli na Jumapili ya Ghalani

Dada yetu mpendwa alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkewe. Mama alikuwa akisema mtoto huyu alikuja duniani analia na hakunyamaza mpaka alipojua kutembea. Tuseme ukweli, maana hata yeye hakuuficha: marehemu alikuwa mwoga. Aliogopa radi, mbwa, sindano, madaraja, na zaidi ya yote aliogopa mtu akinyamaza ghafla. Alikuwa akifunga mlango, anafika kituo cha basi, kisha anarudi kulitikisa kufuli. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Kufuli, naye akaitika.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia mwaka 1965, kisha chuo cha ufundi, akahitimu ushonaji mwaka 1975. Mwaka uliofuata aliajiriwa kiwandani, kwenye mstari wa mashati ya shule. Kola zake zilikaa sawa hata msimamizi mwenye gubu alikosa la kusema. Hapo ndipo alipokutana na shemeji yetu, mkata vitambaa, mtu wa maneno matamu na hasira za karibu. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981. Wageni walikaa ukumbini wakinong'ona kwamba bibi harusi amebadili mawazo, kumbe yuko nyumbani na shela kichwani, anatikisa kufuli!

Ndoa ilikuwa bado mbichi vita vilipoanza. Kiwanda kiliacha mashati ya shule, kikaanza kushona sare za jeshi. Kaka yetu mkubwa alichukuliwa, akarudishwa ndani ya sanduku ambalo hatukuruhusiwa kulifungua. Dada alishika kichwa akasema, "Jamani, huenda hata sare aliyokufa ameivaa niliishona mimi." Tangu siku hiyo yeye na mumewe waliingia kwenye kamati ya wafanyakazi waliopinga vita. Walikutana saa ya chakula, kwenye chumba cha mashine mbovu. Walikuwa na masharti mawili tu: mmoja akikataa jambo, halifanyiki, na mwenzako humtaji kwa polisi, liwe liwalo.

Waliandamana, wakapigwa. Waligoma, wakafukuzwa nusu yao. Ndipo shemeji akaleta wazo la kuchoma ghala la sare Jumapili mchana, kiwanda kikiwa kimefungwa.

"Na mzee wa geti?" dada akauliza. "Jumapili analala humo humo, juu ya marobota."

"Tutampigia kelele atoke."

"Yule hasikii! Mimi nikimpa chai lazima nimguse bega."

Shemeji akawaka. "Watu wanakufa kila siku ndani ya sare tunazoshona sisi, wewe unaniletea mtu mmoja? Kushikamana na wanaouawa ndiko kubeba mabango tu?"

Waliomuunga mkono hawakuwa wauaji, na dada hakuwahi kuwaita hivyo. Kuna aliyezika watoto wawili. Hata yeye alikiri kwamba mabango hayakuwa yamemrudisha mtu yeyote. Lakini alikataa, na kwa masharti yao jambo lilipaswa kuishia hapo. Halikuishia. Watatu, shemeji akiwemo, waliendelea kupanga pembeni, na dada akajua, kwa sababu mumewe aliacha kuongea mezani.

Kwa polisi dada asingeweza kwenda, alishaahidi. Mzee wa geti alishaambiwa asilale humo, akacheka, akasema hana kwingine pa kulala. Basi dada akasimama mbele ya kamati, akasema, "Jumapili nitakuwa ndani ya ghala. Mkitaka kuwasha, mjue na mimi nimo." Alikuwa na mimba ya miezi sita.

Akaenda kweli. Alijibana nyuma ya marobota, karibu na mzee anayekoroma, jasho linamtoka, amejiziba mdomo na kitenge asipige kelele. Alituambia hajawahi kuogopa namna ile, hata leba ilikuwa afadhali. Akasikia gari limesimama nyuma ya ukuta, kisha watu wanabishana. Halafu kimya kirefu, kile kimya alichokiogopa tangu utotoni. Baadaye wakaondoka kwa miguu. Dereva wao alikuwa ametupa ufunguo wa gari mtaroni, na petroli yote ilikuwa imefungiwa kwenye buti la gari hilo.

Kamati ilivunjika wiki hiyo hiyo. Upande mmoja walimwita msaliti. Upande wa pili walimtaka awataje wale watatu, akakataa, nao wakamtenga. Aliacha kiwanda, akashonea watu nyumbani mpaka macho yalipochoka. Alimzaa mtoto wao wa kwanza mwaka huo wa 1983, wengine wawili wakafuata. Kwa miaka yote hiyo hatukuwahi kumsikia akimuuliza mumewe nini kilisemwa nyuma ya ule ukuta.

Mwezi Februari mwaka huu wa 2024 figo zilianza kumsumbua. Alilazwa mara mbili, na sindano bado alizikimbia na umri wake wote, wauguzi wakicheka naye. Siku mbili kabla ya kufariki, sisi tukiwa tumemzunguka, shemeji alimshika mkono akaanza kulia. Yanayofuata tulimsihi shemeji yasiandikwe. Alisema, "Andikeni, au nitasimama niyaseme mwenyewe."

Alimwambia mkewe, "Dereva aliniuliza, je kama yumo? Nikamwambia hayumo, yule mwoga hawezi. Akaniuliza tena, na kama yumo? Nikasema, washa, amejitakia."

Dada akamtazama. "Nilisikia," akasema. "Ukuta ule ulikuwa wa mabati, baba watoto. Nilichokuwa naogopa ni kwamba nitakufa hujaniambia."

Hakusema amemsamehe, wala hakuuachia mkono wake. Alifariki tarehe 14 Juni, mchana, akiwa na miaka sitini na sita.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, na sisi wadogo zake wawili. Mtoto wake wa kwanza, yule aliyekuwa tumboni ghalani, alikuwepo wodini na alisikia kila neno. Tangu siku hiyo hajaongea na baba yake. Leo mmoja amesimama upande huu wa kaburi na mwingine upande ule, na sisi katikati tunaogopa, hatujui nani atashika koleo kwanza wala atasema nini akilishika. Dada ameshamaliza kuogopa. Mwenyezi Mungu ampe usingizi mwema, na atushike sisi tunaobaki hapa.