Vidole Kumi Vinarudi Kimwani

Ijumaa ya tarehe 26 Juni 2026, Ildefons Karugendo anavua aproni yake ya turubai baada ya miaka thelathini na minne katika karakana ya useremala ya Umedbhai, hapa Kahororo. Alipaswa kuivua mwaka jana. Aliyemchelewesha ni mashine, na wenzangu wamenituma niandike habari za mzee huyu kwa madai kwamba mikono yao imezoea nyundo tu. Wavivu hao! Mimi ni Edvina, wa msasa na vanishi. Mbao alizoziranda Ta Ildefons, kama tunavyomwita kwa heshima ya baba, zimekuwa zikija kwangu miaka yote hii, kwa hiyo nina haki ya kumsifu na nina haki ya kumsema pia.

Alitoka Kimwani, Muleba, akiwa kijana mwembamba asiyejua msumeno unashikwaje. Marehemu mzee Umedbhai alimpa ufagio kwanza, azoe maranda, kisha randa ya mkono, kisha akamwachia karakana nzima na kwenda zake kunywa chai. Madawati ya shule, viti vya kanisani, makabati ya maharusi, vyote vimepita kwake. Huko mtaa wa Bilele mlango ukigoma kufunga anaitwa yeye, hata kama ulitengenezwa na fundi mwingine, naye huenda akilalamika njia nzima. Mbao huzibembeleza kwa Kihaya. Mashine huzigombeza kwa Kiswahili.

Iliyogombezwa kuliko zote ni randa kubwa ya umeme, ile ya meza mbili ndefu za chuma inayonyoosha uso wa mbao. Katikati ya meza hizo ilizunguka silinda yenye visu vitatu virefu, na ikiwashwa ilivuma mpaka mwisho wa mtaa. Mbao za msindano ilizila vizuri. Ukiipa mvule au mfenesi, ambao nyuzi zake zinageukageuka, ilinyofoa vipande, na siku nyingine iliikamata mbao na kuirusha, na mkono wako ukabaki unaelea juu ya visu. Ndivyo mwenzetu Wilbert alivyopoteza ncha ya kidole.

Tangu siku ile, mke wa Ta Ildefons, Ma Joviana, aliishi na roho mkononi. Nyumba yao iko jirani, na mvumo aliusikia jikoni. Ulipokatika adhuhuri alijua mumewe yu salama na anakuja, akaepua ndizi. Ulipokatika kabla ya wakati, alitoka nje kuangalia barabarani. Alikuwa amemwambia wazi kwamba alimpokea na vidole kumi, na atarudi naye Kimwani na vidole kumi.

Basi mwaka jana mizigo ilikwisha fungwa, kibanja kimepaliliwa, ndugu wa Kimwani wanasubiri. Ta Ildefons akagoma. Alisema hawezi kuwaachia vijana mashine ya namna ile, kisha akakae kijijini anakunywa olubisi, pombe yetu ya ndizi, huku akijiuliza leo imemkata nani. Ma Joviana alinuna, waitu, alinuna kweli! Na bosi wetu Ankit, mjukuu wa Umedbhai, naye hakutaka kusikia habari ya kuigusa mashine ya babu yake. Ta Ildefons hakumbishia. Alimpa mbao ya mvule iliyotoka mashineni, akamwomba apitishe kiganja. Ankit alitolewa vibanzi na mimi, kwa sindano, akipiga kelele kama mtoto. Wiki hiyohiyo aliagiza silinda mpya.

Ilikuja kwa meli kutoka Mwanza. Haina visu virefu. Ina visu vidogo vya mraba, vingi, vimejipanga kwa kuizunguka silinda kama ngazi, kila kimoja na skrubu yake. Kisu kidogo hula kidogo, hakinyofoi wala hakikamati. Kikiishiwa makali kwenye pembe moja unakigeuza, kazi inaendelea.

Sasa nimseme. Visu vile vilitakiwa kufungwa vikiwa safi kabisa. Na sisi huku kitu safi tunakiweka wapi kama si kwenye jani la mgomba? Ta Ildefons akakata jani bichi nyuma ya karakana, akalitandika kwa heshima zote, akavilaza visu juu yake. Wote tuliona. Wote tulisifu! Utomvu ukavipaka taratibu, vumbi la mbao likanasa, na vikafungwa hivyohivyo na uchafu chini yake. Mbao ya kwanza ilitoka na matuta kama ya shamba la viazi vitamu. Wilbert alicheka mpaka akakaa chini. Mzee akavifungua vyote, kimoja baada ya kingine, tukaviosha kwa mafuta ya taa, tukafuta kila kikalio cha kisu, tukafunga upya. Tangu hapo majani ya mgomba yamebaki kwa chakula.

Jaribio la pili aliweka mvule, ule mkaidi. Mbao ikapita. Ikatoka laini hata nikatafuta pa kuweka msasa nikakosa. Mashine ilikuwa inanong'ona tu, nasi tulikuwa tunashangilia, mara Ma Joviana akaingia mbio, mwiko mkononi. Alikuwa ameambiwa mashine inajaribiwa, akategea mvumo asubuhi nzima, hakuusikia. Akashika mikono ya mumewe mbele yetu sote, akaikagua kidole kwa kidole, akalia. Alipomaliza kulia alimgombeza, kwa sababu ndizi zilikuwa zinaungua. Siku ya pili Ankit alifunga taa nyekundu juu ya mashine, mtu asije akadhani imezimwa.

Hakuna aliyeumia kwenye mashine ile tangu wakati huo. Ta Ildefons, vijana uliowafundisha wanairanda mivule wakiimba. Tutakukumbuka kwa ukali wako wa asubuhi na karanga zako za mchana. Mimi nitakukumbuka kila nikipumzisha mkono. Asante sana, Tata, kwa yote.

Zawadi yako imo kwenye gunia na ni nzito, wabebe wawili. Ni ile silinda ya zamani. Visu vyake tumeviondoa, Wilbert amefunga mnyororo wa kuning'inizia na nyundo ya kugongea. Lakini nyundo anakabidhiwa Ma Joviana. Miaka yote hiyo alikaa jikoni akitegea sikio chuma hiki. Sasa kitundikwe jikoni Kimwani, ndizi zikiiva akigonge yeye, na wewe huko kibanjani ndiye utege sikio. Ukikisikia, acha jembe, nawa vidole vyako vyote kumi, uende ukale. Muishi salama, na muishi sana.