Maji ya Asubuhi Kwenye Fimbo ya Shaba

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo jioni hii, Mungu awe nanyi. Leo tunamkumbuka Zuberi Bizimana, fundi cherehani wa Rwezamenyo, hapa Kigali. Zuberi alifariki Julai hii ya 1993, kwa ugonjwa wa ini. Alikuwa fundi cherehani, na alikuwa pia mtu wa redio.

Zuberi aliogopa radi. Tuanzie hapo. Akiwa kijana, kule Gahanga, alimwona kaka yake akipigwa na radi, jembe likiwa bado mkononi. Tangu siku hiyo, wingu jeusi likitokea, alisimamisha cherehani na kuanza dua.

Lakini alipofikisha miaka arobaini akajiandikisha masomo ya jioni, kujifunza redio ya kuzungumza na watu wa mbali. Akapata kibali. Akapandisha antena juu ya bati. Mkewe, Zaituni Mukagasana, alimwuliza, "Baba Mariamu, wewe unaogopa radi, halafu unaiwekea ngazi?"

Zuberi akamwonyesha alichofundishwa na mwalimu wake, Eustache. Fimbo ya shaba, ndefu kuliko mtu, imezamishwa ardhini nyuma ya nyumba. Waya mnene kutoka dirishani hadi kwenye fimbo. Mawingu yakija, antena inachomolewa kwenye redio na kufungwa kwenye waya ule, ili radi iwe na njia ya kushuka ardhini. Na wakati wa kiangazi, udongo ukikauka, fimbo inamwagiwa maji kila asubuhi, maana udongo mkavu haupokei umeme vizuri.

Kumwagia maji ikawa kazi ya Zaituni. Kila asubuhi Zuberi aliuliza, "Umemwagia?" Naye alijibu, "Nimemwagia."

Kisha ikaja Oktoba 1990, na vita; waasi waliingia kutoka Uganda. Zuberi aliambiwa asizungumze tena hewani. Akatii. Akabaki kusikiliza tu. Lakini watu walikuwa wanachukuliwa kwa kushukiwa kuwasiliana na waasi, na wengine hawakurudi. Jirani yao, Jean-Berchmans, akapita uani siku moja, akacheka.

"Zuberi, huu waya iko inaingia chini, inatokea wapi? Uganda?"

"Unatokea jikoni kwako," Zuberi akamjibu. "Ninasikia mnavyogombania nyama."

Wanaume walicheka. Zaituni hakucheka. Wiki nzima alisikia swali lile sokoni, mara kwa huyu, mara kwa yule. Wasikilizaji wapendwa, hofu ya radi ilikuwa ya mumewe. Hofu ya watu ilikuwa yake.

Ndipo, Julai 1991, mumewe akiwa msikitini, Zaituni akaukata waya pale unapotoka ukutani. Akauviringisha na kuuficha chini ya magunia. Kipande kilichobaki dirishani akakichomeka kwenye tope la ukuta, kionekane kama kinaendelea. Hakumwambia mtu. Na kila asubuhi aliendelea kumwagia maji ile fimbo, ambayo sasa haikuwa imefungwa kwenye kitu chochote.

"Umemwagia?"

"Nimemwagia."

Hakuwa akidanganya. Ndivyo alivyojiambia.

Septemba mvua iliwahi. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Zaituni alikuwa dukani alipoona mbingu imekuwa nyeusi upande wa mlima. Akaacha chumvi yake kwenye meza ya duka, akakimbia. Anasema mdomoni alikuwa na neno moja tu: Mola, Mola, Mola.

Alimkuta Zuberi ameshafunga antena kwenye kile kipande dirishani. Amekaa kitandani kwa mama yake mzazi, mzee asiyeweza kutembea, kitanda kikiwa kimegusa ukuta uleule. Anamwambia, "Usiogope, mama. Ikija, itashuka chini."

Zaituni akasema akiwa mlangoni: "Baba Mariamu, waya niliukata."

Zuberi hakuuliza kwa nini. Alimfunga mama yake kwenye blanketi, yeye kichwani, Zaituni miguuni, wakatoka mvuani. Mlango wa karibu ulikuwa wa Jean-Berchmans. Akawafungulia. Walikuwa hawajamlaza bibi chini, radi ikapiga.

Waliporudi, ukuta ulikuwa umepasuka toka dirishani hadi sakafuni. Godoro lilikuwa linafuka moshi. Redio ilikuwa imeyeyuka.

Bibi bado yupo, na alituambia, "Walinibeba kama gunia la makaa. Nami nikawatukana. Mungu anisamehe."

Usiku ule Zuberi alimwambia mkewe jambo moja tu: "Ungeniambia, tungeogopa wote wawili." Asubuhi akafunga waya mpya, mchana kweupe, na Jean-Berchmans akashika nyundo. Redio nyingine hakupata. Antena aliiacha, na watu waliendelea kuitazama.

Kwa Mama Mariamu, watoto na bibi, tunawapa pole. Mungu amrehemu Zuberi. Nasi tuliobaki, katika siku hizi ambazo kila nyumba ina jambo inalolificha kwa woga, tujiulize: ni nani analala karibu na ukuta ule, bila kujua?

Asubuhi ya mwisho, Zuberi hakuweza tena kuinua kichwa. Kiangazi kilikuwa kikali. Akafungua macho, akamtafuta mkewe.

"Umemwagia?"

Zaituni alikuwa bado ameshika ndoo. Alitoka, akaushika waya pale ulipofungwa kwenye fimbo, akauvuta kwa nguvu. Haukulegea. Akarudi ndani.

"Nimemwagia," akamwambia. "Na waya nimeushika kwa mkono wangu. Upo."