Kibandiko cha Bima Getini

Kijiwe chetu ni benchi moja tu, limeegemea ukuta wa saluni ya kinyozi, karibu na muuza kahawa. Sisi ni watu wa kubisha. Ukisema leo kuna jua, utaulizwa ushahidi. Ila wiki hii ubishi ulikuwa na uchungu wake, maana ulimhusu Fundi Saa, mzee wetu mpole aliyefiwa na mkewe. Bomba la ghorofa ya juu lilipasuka yeye akiwa kwenye kibanda chake cha kutengenezea saa, maji yakamwagika chumbani alikopanga. Godoro, redio, nguo, kabati alilonunua na marehemu, vyote viliharibika. Tumaini lililobaki ni kibandiko cha kampuni ya bima ambacho mwenye nyumba alikibandika getini. Wasipolipa, Fundi ataanza maisha upya, na umri ule.

— Kodi analipa, hajawahi kuchelewa, alisema Kinyozi. Nyumba ina bima, yeye yumo ndani ya nyumba. Basi na yeye yumo.

Tajiri, tunayemwita hivyo kwa sababu hajawahi kuwa na kitu, akatuambia bima hufuata maji. Yalipofika maji, na malipo yanafika.

— Na jasho je? aliuliza Kinyozi.

— Hata jasho, ukiwa na risiti.

Muuza kahawa naye hakubaki nyuma. Alidai shemeji yake aliwahi kulipwa mpaka usingizi aliokosa. Tajiri akaapa kwamba Fundi atapewa kabati jipya na mtu wa kumpangia nguo ndani yake. Tulicheka. Fundi, aliyekuwa ameketi nasi, naye alicheka, kisha akasafisha koo.

— Nilimpigia mwenye nyumba asubuhi, alisema. Bima yake ni ya kuta, paa na mabomba. Vitu vya mpangaji, mpangaji anavikatia bima mwenyewe, kabla ya balaa. Sikujua.

Hata sisi hatukujua. Wote tumepanga, na wote tumekuwa tukikipita kile kibandiko kila siku kwa amani, kana kwamba kina majina yetu.

— Sasa mbona umetuacha tupayuke saa nzima? aliuliza Kinyozi.

— Mlikuwa mnanifariji.

Tajiri alianza kusema kuhusu mawakili, akaishia njiani.

Hapo alikuwa amesimama mama mmoja aliyehamia mtaani juzi, anasubiri kahawa yake. Alimgeukia Fundi kwa heshima.

— Samahani, baba. Sasa unalala wapi?

Tulikuwa tumempigania kwa mdomo tangu maji yaingie, na swali hilo halikutupitia kichwani. Niliona aibu, sifichi.

— Pale kibandani, kwenye kiti, alisema Fundi. Si vibaya.

Kinyozi aliinuka, akaingia saluni, akatoka na funguo.

— Kwangu kuna kitanda cha binti yangu aliyeolewa. Twende.

— Mkeo atasemaje, unamletea mgeni bila taarifa? aliuliza Fundi.

— Atanigombeza, alisema Kinyozi. Ataniuliza wewe ulikuwa unalala wapi siku zote hizi.

Fundi Saa aliweka kikombe chini, akalia pale pale mbele yetu. Tajiri alimshika mkono, akamsaidia kuinuka.