Mizani Mlangoni pa Nyumba ya Mvuke

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Sheikh na Mchungaji mliotufungulia kwa dua. Mwenyekiti wa kikundi chetu, Bi Asmahani. Mama zangu mliotoka Heru Juu kwa miguu na kwa bodaboda. Ndugu wageni waalikwa, nawasalimu kwa Kiha chetu: mwakeye.

Naitwa Zuhra. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, na wanaonijua wanajua kwamba hata dukani mimi huonyesha kitu kwa kidole badala ya kusema. Leo nimepewa kazi mbili: kushika sinia la mkasi, na kusoma risala niliyoandikiwa. Risala inasema nyumba hii ya kujifukiza imetokana na maono ya uongozi. Nimeikunja. Siwezi kuisoma.

Nyumba hii ilianzia uani kwa mama yangu mkubwa, Mwamvua. Mnamfahamu, maana ni mnene, na mji huu haujawahi kumwacha asahau. Alianza na sufuria, majani ya mkaratusi na mchaichai, na blanketi moja. Baadaye akajenga kibanda cha tofali za udongo, akawaita wanawake wenzake wenye miili mikubwa, wale ambao hata harusini hawainuki kucheza kwa kuogopa macho ya watu. Ndani ya mvuke ule hakuna aliyemwona mwenzake vizuri. Walicheka mpaka majirani wakauliza kuna sherehe gani. Mmoja aliniambia, "Mwanangu, magoti bado yananiuma, lakini siku hizi nalala." Hakuna aliyeahidiwa kupungua. Je, kulala si afya? Na kucheka je?

Jumamosi iliyopita tulikuja kuijaribu nyumba hii mpya, ambayo kikundi kimeijenga kwa kuiga kibanda kile. Mlangoni tukakuta mizani ya sokoni, ile ya kupimia maharage. Tukaambiwa ni kanuni: kila mwanamke apimwe, uzito usomwe kwa sauti na uandikwe ubaoni, ili maendeleo yaonekane. Mama mkubwa akapanda.

Bi Asmahani, shikamoo. Najua unanitazama. Wewe ndiye uliyesoma: "Mia moja thelathini na nne! Jamani, gunia zima na madebe mawili!" Watu wakacheka. Kisha ukamwambia, "Dada, wewe subiri kwanza, benchi letu bado jipya."

Benchi! Fundi Pasikali yupo pale nyuma, aniumbue kama nasema uongo. Si alilijaribu kwa magunia matano ya maharage, nalo halikulia hata kidogo? Basi maharage yana heshima kuliko mama yangu?

Mama mkubwa alishuka taratibu, akatafuta kandambili zake, akasema, "Mimi nilikuja kutoka jasho, sikuja mnadani." Tangu siku ile kibanda chake amekifunga kwa kufuli. Wenzake wakija, anawaambia kupitia dirisha kwamba ana mafua.

Nitaambiwa sina adabu. Mniwie radhi, wakubwa zangu. Nesi ametushauri presha ipimwe kabla ya mtu kuingia, pembeni, kwa faragha, na asikae kwenye mvuke muda mrefu. Hilo nalikubali, linamlinda mtu. Ubao ule unamlinda nani? Mmechukua wazo la mwanamke aliyechekwa, mkalijengea nyumba, mkaipaka rangi, mkaipigia bati jipya, kisha mkaweka kicheko kilekile mlangoni kama tiketi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, utepe uko tayari. Mkasi uko kwenye sinia, na sinia liko mikononi mwangu. Lakini sitasogea hapa mpaka mizani ile itolewe mlangoni, ubao ufutwe, na Bi Asmahani atoke kwa miguu yake mwenyewe hadi getini. Mama mkubwa yuko pale nje, amekaa kwenye bodaboda, anasema amekuja kunisikia tu na haingii. Aombwe radhi. Kisha awe wa kwanza kuingia, akae katikati ya benchi.

Asanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza. Nimemaliza, na mkasi bado ninao.